Kulaumu Mwaka Mrefu

Mama yangu hulaumu mwaka mrefu. 2008 nyumba yetu Nakuru ilichomwa, 2020 mimi nikaacha chuo, 2024 mafuriko yakabeba kibanda cha shangazi kule Mathare. Kwake maelezo ni mamoja: Februari ikiongezewa siku, jiandae.

Hayuko peke yake. Ugiriki wapo wachumba wanaoahirisha harusi hadi mwaka huo upite. Waitalia wana msemo wa kuuita mwaka wa mikosi. Warusi wa zamani walimwogopa Mtakatifu Kasyan, ambaye sikukuu yake ni Februari 29, wakisema akikitazama kitu kinanyauka. Sisi tuliletewa kalenda, mikosi ikaja ndani ya mzigo uleule.

Ilhali jambo lenyewe ni hesabu tu. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu saa sita. Julius Caesar aliamuru saa hizo zikusanywe ziwe siku moja kila baada ya miaka minne. Zikawa zinazidi kidogo, na 1582 Papa Gregory wa 13 akarekebisha: ndiyo maana 1900 haukuwa mwaka mrefu lakini 2000 ulikuwa. Sasa niambie, mkosi ulijifunzia wapi kugawanya kwa 400?

Nilimwuliza mama swali hilo, nikijiona mjanja sana. Nikaongeza kwamba kura zilipigwa Desemba 2007, mwaka wa kawaida kabisa, na fujo zikaanza kabla 2008 haijafika. Kiberiti kilikuwa mkononi mwa watu, na wengine tunawajua.

Aliendelea kukata sukuma. "Kwani unadhani sijui?" akasema. "Na nikisema ni kijana wake, huyo jirani nitamsalimia vipi kesho asubuhi?"

Nilikosa la kusema. Siku zote nimeuona ushirikina kama kutojua, kumbe huu wake unajua kila kitu. Ni pazia amelitundika ili mtaa ukalike. Lakini bado linanikera. Mwaka haupelekwi kortini. Huyo kijana sasa ni baba wa watoto wawili, hupita hapo langoni, na hajawahi kulazimika kusema hata pole.

Halafu nakumbuka kwamba nami 2020 ilinifaa. Mtu akiuliza mbona sikumaliza chuo, nasema, "Si unajua korona," naye anatikisa kichwa kwa huruma. Ukweli ni kwamba karo ya muhula ule, ambayo mama alikopa kwenye chama, niliibeti yote Novemba 2019. Kisa cha kwanza cha korona kikitangazwa Kenya, Machi 13, mimi nilikuwa nimeacha kuingia darasani kitambo.

Akina shangazi wakiuliza, mama huwahi kunijibia: mwaka ule ulikuwa mbaya. Huwa hanitazami akisema hivyo. Sijui kama ananiamini, au alishaniweka nyuma ya pazia lilelile, na yule kijana.