Samaki Akataaye Chakula

Neno kuzoeza lina heshima katika kinywa cha mfugaji. Mfuga njiwa hulisema, mfuga mbuzi hulisema, na mfuga samaki wa bahari katika tangi la kioo hulisema pia. Lakini ndani yake mna mambo mawili yasiyolingana: kumfundisha kiumbe ale asichokijua, na kumshinda kiumbe mpaka achoke kukataa. Kwa nje mambo haya hufanana kama pacha. Nataka kuyatenga, kwa sababu mimi mwenyewe niliyachanganya, na aliyelipa kwa kosa hilo hakuwa mimi.

Mfuga samaki wa maji ya chumvi, hata akiwa mkazi wa pwani, hawezi kwenda mwambani kila asubuhi kutafuta chakula kilicho hai. Hununua uduvi, ngisi na kome waliogandishwa, akawaweka katika jokofu, akakata kipande kwa kila mlo. Chakula hicho ni chema. Ila yake ni kwamba hakiendi. Samaki aliyetolewa mwambani juzi anajua kuwa kinachoruka ndicho kiliwacho, na kinachozama kimya ni taka. Hutazama kipande kikipita mbele yake kama mtu atazamavyo jani likianguka.

Hapo huanza ufundi, na ufundi wenyewe wapendeza. Kuna uduvi wadogo mno wa maziwa ya chumvi, ambao mayai yao huvunwa kwa wingi katika Great Salt Lake huko Marekani. Mayai hayo hutiwa katika maji ya chumvi yenye vuguvugu, na baada ya siku moja hivi huanguliwa. Samaki hupewa hao kwanza, wakiwa hai. Hawafai kutegemewa siku nyingi, maana kiini cha yai walichozaliwa nacho ndicho chenye nguvu, nacho huisha upesi. Kisha huchanganywa nao wachache waliokufa, ambao barafu yao imeyeyushwa katika kikombe cha maji ya tangi, na mkondo wa pampu huwapeperusha hata wakaonekana kana kwamba waogelea. Walio hai hupunguzwa kila siku, waliokufa huongezwa. Wafugaji wengine hupaka nyama ya chaza iliyosagwa katika vitundu vya tumbawe kavu, ili samaki adonoe kama alivyodonoa kwao. Wengine humweka pamoja na samaki mlaji, kwa kuwa samaki naye ana jicho la kuiga. Masalio hutolewa mara moja yasije yakaoza na kutia maji sumu.

Je, huu si udanganyifu? Maiti amevishwa mwendo wa aliye hai, na mnyonge ameamini. Nimelifikiri jambo hili sana, na sioni kuwa ni dhambi. Mvuvi wa dema hutia mwani ndani ya mtego wake ili tasi aingie, na mwisho wa mwani ule ni chungu jikoni. Samaki wa tangini adanganywapo hivi, mwisho wa hila ni tumbo lililoshiba. Hila imemvusha mpaka penye chakula cha kweli, kisha imeondoka. Baada ya wiki chache hudaka kipande kilichokufa bila ya mkondo wala mapambo.

Hivyo ndivyo alivyofanya kipepeo wangu wa kwanza, yule mweupe mwenye mistari ya mshazari, mgongo wa manjano na doa jeusi juu ya pezi, ambaye wataalamu humwita Chaetodon auriga. Alikataa siku sita. Siku ya saba alimeza uduvi mmoja, akautema, akaumeza tena. Furaha niliyoipata siku ile naionea haya kidogo, maana ilizaa kiburi. Nilijiona mwalimu.

Kwa kiburi hicho nilinunua kipepeo mwingine, mwembamba zaidi, mwenye mistari iliyopindwa kama vichwa vya mishale. Huyu ni Chaetodon trifascialis. Aliyeniuzia alisema atakula tu. Nilimfanyia yote niliyoyaeleza hapo juu, na kila siku aliupa mgongo mkono wangu. Rafiki mmoja aliniambia, "Mwache. Njaa itamfunza." Naam, maneno hayo sote tumeyasikia nyumbani mtoto akisukuma sahani ya ugali, na bibi zetu hawakukosea kuyasema: ugali ni chakula, na mtoto ana tumbo la kuupokea. Nikamwacha. Siku ya tisa tumbo lake lilibonyea. Siku ya kumi na mbili nilimkuta ubavuni mwa jiwe, rangi zake zingali nzuri.

Mzee mmoja mzamiaji, ambaye maisha yake yote yamepita juu ya miamba ya kusini mwa Mombasa, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Ulimpa nini, mwanangu?" Nikamtajia. Akasema, "Basi hakukataa chakula. Hakupewa."

Na ndivyo ilivyo. Samaki huyu hula karibu kitu kimoja tu: nyama laini ya matumbawe yaliyo hai, hasa yale yaliyotandaa kama meza. Wawili hawa ni wa ukoo mmoja na wafanana umbo. Lakini kukataa kwa yule wa kwanza kulikuwa ni desturi, na desturi hubadilika ikibembelezwa. Kukataa kwa wa pili kulikuwa ni maumbile. Bahari yenyewe imeonyesha tofauti hii kwa ukali kuliko tangi langu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto na matumbawe ya Shelisheli kufa kwa sehemu kubwa, samaki walao matumbawe walipungua nayo. Njaa ile ilikuwa kuu kuliko yangu, wala haikuwafundisha kula kingine.

Mtu atasema, mzamiaji naye ana watoto, na kila samaki aachwaye majini ni senti iliyoachwa. Ni kweli, wala sisemi biashara hii ifungwe. Lakini mwenye tangi ndiye anunuaye, na asiyeulizwa samaki fulani hana sababu ya kumvua. Swali la yule samaki hula nini nililiuliza nikiwa nimekwisha kulipa. Kabla ya hapo lingekuwa swali. Baada ya hapo lilikuwa matanga.

Mwezi uliofuata, maji ya bamvua yalipokupwa, mzee alinichukua katika mtumbwi wake mpaka ukingo wa mwamba. Nilivaa kioo cha machoni nikainamisha uso majini. Chini yangu palikuwa na tumbawe pana kama sinia, na juu yake kipepeo mwenye mistari ya mishale alikuwa akizunguka, akidonoa hapa na pale, na kumfukuza kila mpita njia aliyekaribia. Nilimtazama hata mgongo ukaniuma. Nyumbani yule mwenzake mweupe alikuwa akingoja uduvi wake wa jioni, nami nilirudi kumyeyushia.