Ushindi ni wa Nani?

Swali la kwamba ushindi wa mkimbiaji ni wa nani halijibiwi kwa kuutazama utepe wa mwisho peke yake. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha kwa kumshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, baada ya kilomita 42.195. Lakini si kila kinachomfikisha mkimbiaji kwenye utepe ni chake: katika nyanda za Njombe, nchini humo, zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mji wa Makambako ulio chini kidogo, uhaba wa oksijeni huulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu za damu, faida ambayo mwanariadha hakuichuma wala kocha hakuibuni, na ambayo mwanatheolojia angeiita neema, yaani jema litolewalo bila kustahili. Hata hivyo Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hutoa mfano wa mwanamichezo anayejizuia, si wa aliyebahatika kuzaliwa mlimani (na wengi waliozaliwa huko hawakimbii kamwe). Kocha basi huweza kumpa mwanafunzi sababu ya kuamka alfajiri katika baridi ya Njombe, lakini hawezi kuamka kwa niaba yake. Kwa hiyo hata lawama ya kushindwa haimwangukii kocha yote, ingawa mara nyingi ndiye anayefukuzwa kwanza.