Kimbunga Kilichotukwepa na Kilichofika

Mwezi Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajiandae. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja kutoka upande wa Komoro. Shule zilifungwa, ofisi nazo zikafungwa, na wakazi wakaelekezwa kwenda sehemu zenye usalama. Usiku wa tarehe 25 Kenneth kiliingia nchi kavu kusini ya mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Msumbiji na Komoro walipoteza watu zaidi ya 40. Mtwara ikasalimika. Badala ya kushukuru, wapo waliorudi majumbani wakinung'unika kwamba wametishwa bure.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, zamu ilikuwa ya Jobo. Kilizaliwa kaskazini mashariki mwa Madagaska, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kwamba kinaelekea pwani yetu, Dar es Salaam ikiwemo. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mamlaka ilisema kuna uwezekano. Vichwa vya habari vikasema kinakuja. Mamlaka ilitoa taarifa mpya kila hali ilipobadilika. Simu zetu ziliendelea kusambaza ile ya juzi, kwa sababu ndiyo iliyotisha zaidi. Kila aliyepokeza habari aliongeza chumvi yake kidogo, na ilipofika kwa mtu wa mwisho haikuwa tena taarifa ya hali ya hewa, ilikuwa kiama. Kisha Jobo kikapungua nguvu kikiwa bado baharini, na hakikufika kama kimbunga. Watu walicheka. Utabiri wenyewe ukageuzwa kichekesho vijiweni na kwenye daladala.

Naomba msomaji aitazame vizuri hiyo hatua ya kucheka, kwa maana ndiyo iliyotugharimu. Aliyechekwa hakuwa yule aliyetia chumvi. Aliyechekwa ni TMA, ambayo ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba inaendelea kufuatilia mwenendo wa kimbunga hicho na kwamba itatoa taarifa kadiri hali itakavyobadilika. Tuliichanganya sauti ya mtabiri na sauti ya mshereheshaji, na sauti ya pili ilipodhihirika kuwa ya uongo tukazikataa zote mbili. Kosa hilo si la watu wa pwani peke yao. Mimi na wewe tunaweza kulifanya jioni ya leo, tena tukiwa tumeketi sebuleni.

Hidaya ndicho kimbunga cha tatu katika hadithi hii, na hiki hakikukwepa. Mwanzoni mwa Mei 2024 TMA ilitangaza kuwepo kwake katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa Mtwara. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Wengi walijifungia ndani, na wengi pia walisema kwa sauti: ni yaleyale ya Jobo. Usiku wa tarehe 4 Mei Mamlaka ikatangaza kwamba Hidaya kimefika Mafia na kupoteza nguvu. Habari ikapokewa kwa furaha, kimbunga kimekwisha, watu wakalale. Lakini kilichokuwa kimepoteza nguvu ni upepo. Mvua haikuwa imemaliza kazi yake. Katika Mkoa wa Lindi, upande wa Kilwa na Somanga, maji yalizoa makalavati na kukata barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Lindi na Mtwara. Mabasi na malori yalikwama, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, akapiga kambi huko akisimamia kazi ya kurudisha mawasiliano.

Dalili zote zilikuwepo. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili rahisi, na hili ndilo linaloniuma. Matangazo ya TMA hayakuwa yanataja upepo tu. Yalitaja mvua kubwa na mawimbi makubwa, na yalitaja mikoa kwa majina. Ardhi ya ukanda ule ilikuwa imelowa kwa mvua za masika zilizokuwa zimenyesha kwa wingi mwaka ule. Mito ilikuwa tayari imejaa. Mtu yeyote aliyeishi karibu na mto alijua kwamba ardhi iliyoshiba haipokei tena. Lakini sote tulikuwa tunangoja upepo wa kung'oa minazi kama tulivyouona kwenye picha za video, nyingine zikiwa za nchi za mbali na za miaka ya nyuma. Upepo wa namna hiyo ulipokosekana, tukaona hakuna kitu.

Kuna taarifa nyingine ambazo hatukuzisoma vizuri, na hizi zinatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari. TMA haitumii neno moja kwa kila hatari. Lipo angalizo, ipo tahadhari, ipo tahadhari kubwa, na kila moja ina rangi yake: njano, chungwa, nyekundu. Chini yake huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, pamoja na athari zinazoweza kujitokeza. Angalizo maana yake kaa macho. Tahadhari kubwa maana yake chukua hatua sasa. Anayesambaza habari akizifuta ngazi hizo na kuandika "hatari!" kwa kila jambo, anatunyang'anya kipimo. Siku rangi nyekundu itakapotolewa kweli, masikio yatakuwa yamechoka.

Desemba 2023 tuliona sura nyingine ya jambo hilohilo. Alfajiri ya tarehe 3 sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka mpaka mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Miili ikiwa bado inatafutwa kwenye tope, uvumi ulikwishaenea kwamba mlima umelipuka volkano. Serikali ilibidi itoke na kueleza kwamba haikuwa volkano; ni sehemu ya mlima iliyonyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujishikilia. Uvumi ule ulikuwa na madhara. Mtu akiamini kwamba kilichotokea Hanang kilikuwa mlipuko wa volkano, atalala vizuri chini ya mlima wake mwenyewe usio na volkano. Akijua kwamba ni mvua na mteremko, atatoka nje atazame mlima ulio nyuma ya nyumba yake.

Na sisi wa Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma, tuna milima nyuma ya nyumba.

Kimbunga chenyewe hakina njia rahisi ya kutufikia. Kinaishi kwa joto la bahari. Kikikanyaga nchi kavu kinaanza kufa, na kutoka pwani hadi kwetu ni mamia ya kilomita. Hata pwani ya Tanzania haikipati mara kwa mara, kwa kuwa ipo karibu na Ikweta na kisiwa cha Madagaska kinatukinga. Wazee wa historia wanakumbuka kile kilichoipiga Zanzibar Aprili 1872, kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash, na kile cha Lindi cha Aprili 1952. Kwa hiyo ukipokea ujumbe kwenye simu kwamba kimbunga kinaingia Dodoma usiku huu, usiusambaze. Ngoja kwanza. Tazama nani ameutoa, tarehe gani, saa ngapi. TMA ina makao yake makuu Dodoma, na taarifa zake hupatikana redioni na kwenye kurasa zake bila kupitia kwa mjomba wa rafiki.

Lakini usije ukasema, basi, Kibakwe hakuna hatari. Hatari zetu hazina jina la kimbunga, na kwa sababu hiyo hazipati kichwa cha habari. Mvua za msimu zinapoanza, Novemba au Desemba, upepo wa mwanzo huja na vumbi na kuezua bati ambazo misumari yake imelegea tangu kiangazi. Radi hufuata. Korongo lililokuwa kavu adhuhuri linaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mlimani, huku kijijini jua likiwaka, na watoto wanarudi kutoka shule. Nayo ile mvua ya polepole, ya siku mbili tatu mfululizo, isiyomtisha mtu, ndiyo inayolowesha paa la udongo la tembe mpaka likaelemea boriti. Hakuna kituo cha televisheni kitakachokatisha vipindi vyake kwa ajili ya tembe moja.

Wilaya yetu inayo kumbukumbu yake. Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ziliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, iliyo wilayani kwetu, na treni za Reli ya Kati zikasimama kwa miezi. Kwa jirani zetu, Kilosa mjini, maji ya mto Mkondoa yalivunja kingo na kuwaacha maelfu bila makazi. Si kimbunga kilichofanya hayo. Ni mvua iliyonyesha kwenye milima iliyokatwa miti, ikabeba mchanga, ikajaza mto, na mto ukatafuta njia nyingine. Dalili za kitu cha namna hiyo huonekana miezi kabla: kina cha korongo kinapungua kwa mchanga, kingo zinamomonyoka, shamba linasogea kwenye ukingo mwaka hadi mwaka. Tunaziona tunapokwenda kuchota maji, na tunapita.

Ndugu zangu wa Kibakwe, Wotta, Lumuma, na popote mnaposoma haya, naomba jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Utabiri wa mvua za msimu unapotolewa, mtendaji wa kijiji aubandike kwenye mbao za matangazo kama ulivyoandikwa na TMA, bila kupunguza wala kuongeza, na angalizo linapotolewa katikati ya msimu lisomwe msikitini na kanisani kwa maneno yaleyale. Walimu wapewe ruhusa ya kuwazuia watoto shuleni mpaka korongo lipungue. Na wewe mwenye bati, panda juu ukagonge misumari kabla ya Novemba kwisha.