Ruzuku na Jasho

Husemwa kwamba anayepewa bure husahau jembe. Tuhuma hiyo imeuandama Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya TASAF, tangu ulipozinduliwa mwaka 2012. Katika awamu ya kwanza, ruzuku ya kaya haikuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi, ilhali kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichotangazwa mwaka 2013 kilikuwa shilingi 100,000. Nani angeacha kazi kwa malipo yasiyofika nusu ya ujira?

Kisiwani Mafia hesabu hiyo haitoshi, kwani mvuvi na mwanamke achokoaye pweza wakati wa bamvua hawana mshahara. Bahari ikichafuka, hawana kitu. Ruzuku huwavusha siku hizo hadi warudi majini.

Tena, kisiwa hiki chaijua riziki ya bure. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya minazi walikula jasho la watumwa, nao wakaitwa matajiri. Jina la uvivu limetunziwa maskini. Ahofiaye kwamba ruzuku huharibu utu na aipime hofu hiyo kwa wote wapokeao bila kutoa jasho, akianza na wenye nacho.