Je, Siku ya Malezi Shuleni Ni Siku Iliyopotea?



Zipo shule za sekondari ambazo hutenga siku moja katika muhula, madaftari yakawekwa kando, na wanafunzi wakazungumza juu ya maisha yenyewe: tabia, afya, kazi, matumizi ya fedha, na namna ya kukaa na watu. Wengine huiita siku ya malezi, wengine siku ya stadi za maisha. Mzazi akipata habari hiyo huuliza swali ambalo si la kijinga hata kidogo: "Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Siku hii iliyoondolewa kwenye masomo, mwanangu atarudishiwa na nani?"

Swali hili yatupasa tulijibu kwa heshima. Ni kweli kwamba ada katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne. Lakini sare, madaftari na nauli bado vyatoka mfukoni mwa mzazi, na kwetu Kagoma mfuko huo ni kahawa na ndizi. Mtu aliyeuza kahawa yake ili mtoto asome ana haki ya kuihesabu kila siku ya shule kuwa mali yake. Basi tuulize sawasawa: mali hiyo ni ya kununua nini? Cheti peke yake, au na mtu mzima mwenye kujua la kufanya na maisha yake?

Mwalimu Nyerere aliliuliza swali hili Machi 1967, alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alilalamikia elimu iliyomtenga kijana na jamii yake, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwamba mzee asiyesoma hana la kumfundisha. Alikumbusha pia kwamba wakati ule ni watoto kama 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Leo wanaoingia sekondari ni wengi zaidi, lakini mlango mwembamba haukuondolewa, umesogezwa mbele tu. Wengi wataishia Kidato cha Nne. Ikiwa kwa miaka minne tumewaambia kwamba thamani ya mtu ni daraja la mtihani, siku ya matokeo tutamwambia nini yule aliyepata sifuri? Atakuwa ametusikia vema mno, naye atajiona si kitu.

Sisi watu wa Kagera tulikwisha fundishwa jambo hili kwa machozi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Miaka iliyofuata, vijana wengi walijikuta wamekuwa wazazi wa wadogo zao. Hesabu za darasani zilikuwa na faida, lakini hazikuwatosha. Walihitaji kujua jinsi ya kuomboleza bila kukata tamaa, jinsi ya kumjibu ndugu aliyekitamani kibanja cha marehemu, na jinsi ya kumkataa mtu anayetoa zawadi kwa nia mbaya. Mambo hayo hayakuwamo katika mtihani wowote.

Mwaka 2000, huko Nshamba wilayani Muleba, vijana yatima waliokuwa wakisaidiwa na mradi wa Humuliza (jina ambalo kwa Kihaya lina maana ya kufariji) walianzisha chama chao wenyewe, wakakiita Vijana Simama Imara. Kilikuwa chama kilichoendeshwa na vijana wenyewe. Walichagua viongozi wao, wakaweka akiba, wakasaidiana. Nafikiri somo kubwa liko hapo. Vijana hao hawakukua kwa kuhutubiwa juu ya kusimama imara. Walikua kwa sababu walikabidhiwa jambo la kweli, ambalo wangelilegeza lingeanguka.

Kwa hiyo si kila siku inayoitwa ya malezi inastahili jina hilo. Andiko lile la mwaka 1967 lilitaka shule ziwe na mashamba, nazo zikalima. Lakini mahali pengi jembe liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, na kijana akajifunza kuichukia kazi iliyomlea. Siku ya malezi nayo yaweza kuharibika vivyo hivyo. Mgeni mwenye suti atakuja, atawaketisha wanafunzi mia nne juani, atawaeleza kwa saa tatu jinsi yeye alivyofanikiwa, kisha atapigiwa makofi aende zake. Siku kama hiyo, mzazi amekosea nini akisema imepotea?

Siku ya kweli ingekuwaje? Kwanza, wanafunzi wagawanywe katika makundi madogo, nao waseme kwa Kiswahili. Darasani lugha ni Kiingereza, na wako wanaonyamaza muhula mzima, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno. Pili, wao ndio waulize, na watu wazima wajibu: muuguzi, mkulima, fundi, bibi aliyelea wajukuu. Tatu, wapewe kazi inayomfaa mtu mwingine.

Chukua mfano wa mnyauko wa migomba, uliotambuliwa mkoani kwetu mwaka 2006. Mwanafunzi wa Biolojia aweza kuandika habari za bakteria akapata alama zote, kisha akapita kando ya kibanja cha mjane, migomba ikinyauka, asiseme neno. Mwacheni siku hiyo aende pale pamoja na wenzake. Wakate maua dume kwa kijiti chenye panda, wang'oe migomba iliyougua, na wamweleze mama yule kwa adabu kwa nini panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Naye awaambie jinsi alivyokitunza kibanja hicho peke yake. Jioni, kijana asiyepata alama nzuri darasani atakuwa ameona kwamba mikono yake na kichwa chake vina kazi duniani. Na yule wa kwanza darasani atakuwa ameona kwamba maarifa aliyo nayo yana mwenyewe anayeyangojea.

Injili ya Luka, inapotueleza habari za ujana wa Yesu, haikutaja hekima na kimo tu, bali na kibali alichopata kwa Mungu na kwa watu. Malezi kamili hayaachi upande wowote.

Sasa nimrudie mzazi wetu. Ndugu yangu, siwezi kukuahidi kwamba siku hiyo itamwongezea mwanao hata alama moja. Lakini sisi hutoa siku nzima kwa mazishi ya jirani, wala hatusemi imepotea, maana twajua kwamba bila siku hizo tusingekuwa watu. Mtoto naye apewe yake. Na itakapofika, usibaki nyumbani ukingoja habari. Njoo, keti katika kundi moja chini ya mti, na umjibu mtoto mmoja swali lake. Huenda ni swali ambalo wa kwako hajathubutu kukuuliza.