Mechi Tano za Kwanza na Tairi la Binamu Yangu

Kila msimu, mechi tano zikishachezwa, mimi huchukua daftari na kuandika ninavyoiona AFC Leopards. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Sasa niko kwenye daftari la tatu, na juzi nilipoyapitia yote nilikuta sentensi moja imejirudia mara sita, kwa miaka tofauti na kalamu tofauti: "Tunacheza vizuri, lakini hatufungi."

Nilizaliwa 1999. Ingwe ilichukua ligi mara ya mwisho 1998. Baba hupenda kunikumbusha kwamba niliikosa karamu kwa mwaka mmoja tu, kana kwamba nilikuwa natoka sokoni nikakawia njiani kupiga stori.

Hapa Turbo ukitaka kuona mpira Jumamosi unaenda kwa video, ule ukumbi wa mabati karibu na barabara ya Malaba, na utakuta jezi za Arsenal na Man U zimejaa hadi mlangoni. Ligi ya nyumbani tunaipata kwa kuomba. Unamwendea mwenyewe polepole, unamsalimia, unamuuliza habari za mahindi, ndipo unamwambia kuna mechi ya Ingwe saa tisa. Wakati mwingine anakubali. Tuko wengi tunaoomba, kwa sababu Lugari iko hapo tu ukivuka, na nusu yetu tuna bibi au mjomba upande ule. Timu yenyewe ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Mwaka 1980, majina ya makabila yalipopigwa marufuku kwenye vilabu, herufi za AFC zilibaki na maana yake ndiyo ikabadilishwa. Kwa hiyo wengi wetu hatukuichagua. Tuliikuta nyumbani kama tulivyokuta viti.

Lakini nilitaka kuzungumza juu ya tairi.

Misimu mitatu iliyopita niliandika tathmini ambayo kwangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilikuwa na sababu: kiungo aliyejua kutulia na mpira, beki asiyekuwa na papara, ratiba iliyokuwa ikielekea kulegea. Nikaisoma kwa sauti pale steji ya boda, mbele ya vijana wanaonijua kama mtu wa kusoma vitabu, na nikamalizia kwa kusema mechi ya wikendi ile ilikuwa yetu, haina mjadala. Binamu yangu anaendesha boda pale. Alikuwa ameweka kando shilingi 3,000 za kununua tairi la nyuma, maana lililokuwepo lilikuwa limeisha, laini kama kipara. Hakuniambia kitu. Alienda akaweka pesa yote kwa Ingwe.

Tulitoka sare. Beti ikachomeka.

Akaendesha na tairi lile wiki nzima na nyingine tena, katika mvua, kwenye ile barabara ya udongo inayoteleza hata ukiwa na miguu. Akibeba mama zetu, watoto wa shule, siku nyingine mimi mwenyewe. Hakuanguka. Hakuna aliyeumia. Alipata pesa kwa kazi ya kuvuna, akanunua tairi, na siku aliyonisimulia alikuwa anacheka.

Mimi sikuweza kucheka, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini. Aliyebeti ni yeye, mtu mzima. Sikumtuma. Na mwisho wa yote hakuna lililoharibika.

Baadaye nikakutana na insha ya Mwingereza mmoja, William Clifford, ya mwaka 1877. Anasimulia juu ya mwenye meli aliyejua kwamba meli yake ni kuukuu na inahitaji kukaguliwa. Matengenezo ni ghali. Basi anajituliza: imesafiri mara nyingi na kurudi salama, Mungu hatawaacha abiria. Anajipa imani mpaka anaamini kweli, kisha anaiachia iende. Inazama, naye anapokea bima. Clifford anasema ana hatia, na kwamba unyofu wa imani yake haumsaidii, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuiamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anauliza: je, kama meli ingefika salama? Jibu lake ni kwamba hatia ingebaki ileile. Tofauti ingekuwa moja tu, kwamba asingejulikana.

Nilisoma hapo nikaona tairi la binamu yangu.

Maana ukweli ni kwamba sababu zangu zilikuwa nusu tu ya ushahidi. Ligi yetu ina timu 18, mechi 34. Mechi tano ni kama asilimia 15 ya msimu. Ni kama kusimama kando ya shamba mwezi wa sita, mahindi yakiwa ya kijani mpaka unataka kuimba, ukaanza kuhesabu magunia. Mkulima yeyote wa Uasin Gishu atakwambia yale bado ni majani. Mambo ambayo yangenipinga niliyaona na sikuyaandika: tulikuwa tumecheza na wanyonge, na mabao mawili yalitokana na makosa ya kipa wa wenzetu. Niliyaacha nje kwa sababu nilikuwa nataka sana. Kutaka kwangu kulivaa koti la uchambuzi, na watu wakaliheshimu koti.

Hata hivyo simkubali Clifford moja kwa moja, na anayenizuia ni Baba.

Baba alikuwa kijana Ingwe ilipochukua kombe la vilabu la CECAFA mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Hajui kubeti, hafuati jedwali. Kila msimu ukianza anasema "Mwaka huu," anafungua redio. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka na kudanganywa na hii timu, nikaamua kumwambia ukweli kama mtu mzima kwa mtu mzima. "Baba, hawa hawawezi." Nikampa na takwimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sikukuuliza kama wanaweza." Akaongeza sauti ya redio.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitu vingi nilivyosoma. Tuna maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku: kutarajia na kutumaini. Anayetarajia amepiga hesabu, na unaweza kumdai hesabu hiyo. Anayetumaini hajakuahidi kitu. Baba anatumaini, na kutumaini kwake hakujawahi kumgharimu mtu tairi. Mimi pale steji nilikuwa natumaini pia, lakini nilitamka kama anayetarajia. Kosa langu liko hapo, si katika mapenzi.

Kuna mtu atasema imani ya shabiki huisaidia timu. William James, Mmarekani, alimjibu Clifford mwaka 1896 kwa hoja iliyo karibu na hiyo: kuna mambo ambayo hayawezi kuwa kweli mpaka mtu aanze kwa kuyaamini. Niliwahi kupanda matatu ya Webuye, nikaunganisha ya Kakamega, nikaingia Bukhungu isikuti zikilia, na naapa niliona beki aliyechoka akikimbia tena kwa sababu ya kelele zile. Sawa. Lakini kelele si utabiri. Pale uwanjani hakuna aliyeniuliza ushahidi, wala hakuna aliyekuwa ameshika pesa ya tairi akisubiri neno langu. Na kutoka Turbo, beki hanisikii.

Wakati mwingine najiuliza kama nimekuwa mwoga tu. K'Ogalo walikaa miaka 18 bila ligi, kutoka 1995 hadi 2013, na nina hakika walikuwepo vijana wao walioandika madaftari ya busara wakati wazee wao wanasema "Mwaka huu" na kuchekwa. Mwaka ule ulipofika, nani alikuwa amestahili kuufurahia zaidi? Sina jibu ninaloliamini. Nashuku ni wazee.

Msimu huu wa 2025/26 ulianza Septemba, CHAN ilipokwisha. Nimeandika tathmini yangu, ila nimeugawa ukurasa kwa mstari katikati. Kushoto ninachokiona, kulia ninachokitaka. Upande wa kulia umejaa hadi nimeandika pembeni. Wa kushoto una mistari minne, na mmoja ni ile sentensi ya kutofunga, inayotimiza mara ya saba.

Jumamosi nilienda steji kutafuta pikipiki. Binamu yangu akaniuliza mbele ya wenzake, "Buda, Ingwe wanachukua leo?" Nikamwambia sijui. Akaniangalia, akawageukia wale wengine, akasema tangu nianze kusoma hivi vitabu nimekuwa shabiki wa Gor. Walicheka sana. Nikapanda nyuma, tukaenda kwa video kumwomba mwenyewe abadilishe stesheni.