Siri ya Kinyago na Siri ya Mnunuzi

Swali tunalokusudia kulitazama katika makala haya ni hili: mtu akipokea kitu kizuri asiulize kilikotoka, je, anayo sehemu katika wizi uliokifikisha mikononi mwake? Mahakama zina majibu yake, nayo hutofautiana nchi hata nchi. Sisi hatutafuti jibu la mahakama. Tunatafuta jibu ambalo mwalimu wa Namanyere anaweza kulisimamia mbele ya darasa lake, akibanwa na kijana mwerevu wa kidato cha tatu.

Na tuanze na riwaya za upelelezi, maana vijana wetu wanazipenda, na nakala moja hupita mikono mingi mpaka jalada likang'oka. Wako wazee wanaoziona kuwa ni kupoteza wakati. Hatuko pamoja nao. Riwaya ya upelelezi ni shule ya kuuliza. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alimpa kiko na akili ya kupekua mithili ya yule Sherlock Holmes wa Waingereza. Lakini alimweka kwetu, mahali penye mzimu, ambapo hofu peke yake ingetosha kuwafunga watu midomo. Bwana Msa hakufungwa mdomo. Aliuliza.

Waingereza wenyewe wamezitunga riwaya za namna hii hata juu ya wachoraji na picha zao. Mojawapo ni Five Red Herrings ya Dorothy L. Sayers, iliyochapishwa mwaka 1931. Mchoraji mmoja anakutwa amekufa mtoni, chini ya genge, huko Scotland. Juu ya genge imesimama picha ambayo rangi yake bado mbichi, na kila mtu anadhani marehemu aliteleza akiwa kazini. Mpelelezi, Lord Peter Wimsey, anavikagua vifaa vya marehemu na kutambua kuwa pana kitu kimoja hakipo. Mwandishi anakataa kukitaja. Anamwambia msomaji afikiri mwenyewe. Kitu hicho ni rangi nyeupe. Picha ile isingeweza kuchorwa bila hiyo, basi aliyeichora ni mtu mwingine aliyeondoka nayo, na mtu huyo lazima awe mchoraji. Wachoraji wa kushukiwa ni sita. Mwisho wa kitabu mmoja anakamatwa, na watano wanarudi kwenye picha zao wakiwa safi kama waliozaliwa jana.

Hapo ndipo tunapoachana na riwaya. Ustadi wake tunausifu, lakini ina faraja moja isiyo ya kweli: inatufundisha kwamba hatia ni mali ya mtu mmoja, na kwamba akishapatikana yeye, sisi wengine tunaweza kwenda kulala. Habari ya kweli iliyotokea nchini mwetu haikwenda hivyo.

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliibiwa vitu kadhaa, na kimoja kilikuwa kinyago cha Wamakonde, cha kuvaliwa usoni. Mwaka uliofuata kinyago hicho kiliuzwa Paris, na mnunuzi alikuwa Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, nyumba inayoheshimiwa na wapenzi wa sanaa duniani. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli, mtaalamu wa Kiitalia, alikitambua kuwa ndicho kilichoibwa Dar es Salaam. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Lakini walikuwa wakihesabu siku. Kinyago kilirudishwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Paris mwezi Mei 2010, baada ya usuluhishi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Tangu kutambuliwa mpaka kurudishwa ilipita miaka 20. Tangu kuibwa, miaka 26.

Tuseme haki. Hatudai kwamba walionunua walijua kuwa wananunua kitu cha wizi. Aidha, Tanzania iliingia katika Mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara haramu ya mali ya utamaduni mwaka 1977, lakini Uswisi iliingia mwaka 2003 tu; kwa hiyo wakati wa ununuzi mkataba huo ulikuwa haujawafunga. Msomaji asituelewe vibaya, basi, akadhani tunamtafuta mwizi Geneva. Tunatafuta ile rangi nyeupe: kitu kisichokuwapo. Na katika safari yote ya kinyago kile kitu kilichokosekana ni swali dogo kabisa, ambalo hata mama wa sokoni humwuliza mtu anayemletea kuku usiku: umemtoa wapi? Kinyago hakikuvuka bahari kwa miguu yake. Yuko aliyekifunga, yuko aliyekibeba, yuko aliyekipitisha mpakani, yuko aliyekiweka dirishani mwa duka na kukitajia bei. Si lazima wote wawe wezi. Inatosha kwamba kila mmoja alipokea kutoka kwa mwenziwe, akatoa fedha au akapokea fedha, na ulimi wake ukabaki mzito.

Liko na neno moja ambalo sisi tuliozeeka katika ofisi za serikali hatuwezi kulipita kimya. Kwa mujibu wa mapatano yale, kinyago kilirudi Tanzania kikiwa zawadi. Tunajua kwa nini. Katika uandishi wa barua, neno moja lililochaguliwa vizuri huweza kufunga jalada lililokaa mezani miaka mingi, kila upande ukabaki na heshima yake. Huenda bila neno hilo kinyago kingekuwa Geneva hata leo. Hata hivyo neno lina uzito wake. Anayetoa zawadi hutoa kilicho chake, na anayepokea hushukuru. Mwalimu akitaka kuwapa wanafunzi mjadala wa Jumamosi, na awape hili: je, inafaa kumshukuru mtu kwa kukurudishia kilicho chako? Sisi tungejibu kwamba inafaa kushukuru, na haifai kusahau.

Sasa kijana wetu mwerevu atainua mkono. Atasema: nyinyi mnasifu kuuliza, mbona utamaduni wenyewe umejaa mambo yasiyoulizwa? Kinyago cha ngoma cha Kimakonde, lipiko, kazi yake si kumficha anayecheza? Asiyepita jandoni hatakiwi kujua ni nani aliye ndani. Basi mnunuzi wa Paris alifanya tu kama mwanakijiji: alikitazama kinyago, asiulize.

Ni pingamizi zuri, na tumelifikiri kwa muda mrefu kuliko mengine. Jibu letu tumelipata huku huku Ufipa. Msafiri anayepita katika wilaya ya Nkasi anaweza kuonyeshwa mabaki ya tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, zinazoitwa malungu. Tanuri moja ilisimama kama mita 3, mrefu kuliko mtu yeyote wa kijijini, nayo haikuvuviwa. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo chini yake. Chuma kilichopatikana kilipelekwa tena katika tanuri dogo lenye mivuo, ndipo kikafuliwa jembe. Wembah-Rashid, aliyeandika juu ya mafundi hao mwaka 1969, na wengine waliomfuata, wanatuonyesha kwamba kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa ambalo si kila mkono uliruhusiwa kuligusa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Lakini tuangalie siri hiyo ilificha nini. Ilificha namna ya kufanya. Haikuficha kitu kimetoka wapi. Tanuri lilisimama wazi penye macho ya watu, udongo wa chuma ulichimbwa mchana, makaa yalichomwa kwa miti ambayo kila mtu aliiona ikikatwa, na jembe, ambalo lilitumika hata katika mahari, lilikuwa na fundi wake. Baba wa binti hakuhitaji kujua kilichomo kapuni. Angepewa jembe la wizi, hapo ndipo angeuliza, na angekuwa na haki ya kujibiwa. Na lipiko ni vivyo hivyo: jina la mchezaji hufichwa, lakini kijiji kizima kinajua kwamba ngoma ni yao, na kijana asiyejua leo atajua siku yake ikifika. Siri hiyo ina mlango, na mlango una msimu wa kufunguliwa.

Msomaji wa kike anaweza kutukatiza hapa, aseme kwamba mlango huo haukufunguliwa kwake. Ni kweli, na hatuna la kuficha katika hilo. Ziko siri za kimila zilizomwonea mwanamke, na mila haziwi njema kwa uzee wake. Lakini hata aliyefungiwa nje ya lipiko alijua kwamba amefungiwa, na angeweza kunung'unika. Kimya cha dukani kinamfungia nje mtu ambaye hata hajui kuwa uko mlango.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya walionja hayo. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanazuoni wa Kimarekani, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka ndugu zake waliofariki. Baada ya muda mfupi vigango vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni huko Marekani, Udvardy alikiona kimoja katika picha za mali za makumbusho ya jimbo la Illinois; cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa mwaka 2006 na 2007. Lau si ile picha moja, mzee angebaki na neno lake tu dhidi ya vioo na taa za makumbusho.

Tanuri za Ufipa hazibebeki, na kwa hilo tunaishukuru mikono iliyozijenga kwa udongo. Kapu la dawa linabebeka. Majembe ya kale yanabebeka, na vigoda, na ngoma zilizosahauliwa darini. Mgeni mwenye fedha akifika leo katika mojawapo ya vijiji vyetu akanunua kapu la namna hiyo kwa bei ya magunia mawili ya mahindi, hata Lord Peter hatakuwa na pa kuanzia, kwa maana hakuna daftari lililoandikwa kuwa kapu lilikuwapo. Na muuzaji, naye, hataulizwa na mtu.